Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Katika methali zote tulizorithi, sidhani kama kuna iliyotumiwa vibaya kuliko ile ya samaki mkunje angali mbichi. Iliwalenga wazazi, ikiwataka wasichelewe kumlea mtoto. Sisi tumeigeuza kuwa kufuli la kumfungia mtu mzima nje ya kila jambo jipya. Nimeisikia mara nyingi hapa Lushoto tangu nilipoanza, nikiwa na miaka sabini na kitu, kujifunza kupanda baiskeli. Wanaonitolea methali hiyo si vijana wa bodaboda. Hao hucheka, wakasema "shikamoo babu", wakaenda zao. Ni wastaafu wenzangu, watu waliovuta vumbi la chaki maisha yao yote.

Msomaji wa bondeni atauliza imekuwaje mtu afike umri huo bila kujua baiskeli. Huku Usambara si ajabu. Barabara ya kutoka Mombo kuja Lushoto ni kilometa 33 hivi, nayo hupanda karibu meta 1,000. Utotoni mwetu njia za kijiji hadi kijiji zilikuwa za miguu, na baiskeli ilikuwa ya mtu mwenye mshahara. Mtoto aliruhusiwa kuifuta vumbi, si kuipanda.

Hoja ya kwanza ya wenzangu ni heshima. Mwalimu mkuu mzima ayumbeyumbe uwanjani mbele ya watoto! Wamesahau upesi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa kijana mpya kutoka chuo cha ualimu, nikapewa darasa la kisomo la jioni. Walikuja wazee wa rika la babu zangu, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wakishika penseli kama mtu ashikavyo jembe. Hatukuwaambia kuwa wamejivunjia heshima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986 serikali ilihesabu karibu mmoja katika kila kumi. Wenzangu hawa hawa walifundisha katika madarasa hayo, na hadi leo wanajisifia. Nawauliza basi: je, vidole vya bibi wa miaka sitini vilikuwa laini kuliko miguu yangu?

Hoja ya mifupa naikubali nusu. Mfupa wa mzee huvunjika upesi na huunga polepole. Lakini hiyo ni hoja ya kuchagua mahali na namna, si hoja ya kukaa barazani. Sijifunzi kwenye mteremko wa Soni. Najifunza kwenye uwanja wa mpira. Tena ipo namna iliyo salama kuliko ile ya kushikiwa kiti na kusukumwa. Fungua pedeli zote mbili (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha spana kinyume cha desturi, na mafundi wasiojua wameziharibu nyingi). Shusha kiti mpaka nyayo zote zikae chini, kisha jisukume kwa miguu mpaka uweze kuiinua ukahesabu kumi. Ndipo pedeli hurudishwa. Kilicho kigumu ni hiki: baiskeli ikilalia kushoto, usukani ugeuzwe kushoto huko huko, ilhali akili yote ya mtu mzima inataka kulia. Jicho nalo litazame mbele, si tairi. Na mwendo wa kunyatia huangusha kuliko wa wastani. Mtoto hufanya haya bila kuelezwa. Mtu mzima huhitaji maelezo, na akishaelezwa anajua hata sababu. Kwa nini tuuite huo upungufu?

Kisha huniuliza faida. Leo Tolstoy, mwandishi wa Urusi, alijifunza baiskeli mwaka 1895 akiwa amepita miaka 65, muda mfupi baada ya kufiwa na mwanawe mdogo. Alikuwa na farasi, usafiri haukumsumbua. Nani atamuuliza mfiwa faida?

Na tunawaona wageni kutoka Ulaya, mvi zao nyeupe kuliko zangu, wakiendesha baiskeli kwenye njia za milima yetu. Hao twawaita wakakamavu. Mtu wa sarakasi akipanda gurudumu moja, twalipa kiingilio na kupiga makofi. Mzee wa Kisambaa juu ya magurudumu mawili anaulizwa kama ana homa.

Lakini anayeumizwa zaidi na methali hii si mimi. Ni wanawake wa rika letu. Wengi walikatazwa baiskeli walipokuwa wabichi kwa sababu ni wasichana, na sasa wanakatazwa kwa sababu wamekauka. Walitakiwa wakunjwe lini? Jirani yangu mmoja, mjane, amenijia faraghani kuniuliza kama khanga huingia kwenye mnyororo. Huingia. Ndiyo maana zipo fremu ambazo bomba la juu limeshushwa, na mnyororo wake hufunikwa kwa kasha la bati. Amesema atakuja Jumamosi, watoto wakishaondoka uwanjani. Nimemwambia aje wakiwapo.