Matairi ya ranflati: Piga hesabu kabla ya kubadili

Baadhi ya magari yaliyotumika, hasa BMW, huingia nchini yakiwa na matairi ya ranflati. Tairi hilo lina ubavu mgumu unaobeba gari hata upepo ukiisha. Kwa kawaida huweza kutembea kilometa 80 hivi, kwa mwendo usiozidi kilometa 80 kwa saa. Ndiyo maana mengi ya magari hayo hayana tairi la akiba.

Kwa mfugaji wa Terrat anayepeleka trei za mayai Soko la Kilombero, ubavu mgumu una gharama. Barabara ikiwa mbovu, gari hudunda na mayai hupasuka. Aidha, ranflati ikishatembea bila upepo, mara nyingi haifai kuzibwa. Pancha ndogo hugeuka kuwa ununuzi wa tairi jipya.

Hata hivyo, si busara kutupa matairi mazima. Yabadilishwe yanapochakaa, yote manne kwa pamoja, na bei ya tairi la akiba, jeki na spana iingizwe katika hesabu hiyo hiyo. Anayeokoa fedha kwenye matairi kisha akalala njiani na mzigo, soko likampita, hajaokoa kitu.