Usukani wa foklifti si wa kila kibarua

Ajabu ya jiji letu la Nairobi ni kwamba kijana hawezi kukabidhiwa matatu ya Kawangware bila leseni, lakini kijana huyo huyo akiingia godauni la Industrial Area kama kibarua, siku ya tatu huenda ukamkuta juu ya foklifti akiinua tani mbili za saruji. Dereva hakufika, lori linangoja, na msimamizi ameuliza nani anajua gari. Aliyeinua mkono ndiye dereva.

Kujua gari si kujua foklifti. Ile ya kuinua kilo 2,500 yenyewe huwa na uzito upatao tani nne, kwa kuwa nyuma imewekwa chuma kizito cha kuisawazisha na mzigo ulio mbele. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hutoka upande na kumbana ukutani mtu aliyesimama kando. Mzigo ukiwa juu na dereva akate kona kwa kasi, mashine hupinduka. Hapo asiyefunzwa huruka nje, na paa la chuma lililowekwa kumkinga humwangukia. Aliyefunzwa amefunga mkanda. Hubaki kitini, hushika usukani kwa nguvu na kuegemea upande wa pili.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mtu kuwekwa kwenye mashine inayoweza kumdhuru kabla hajaelezwa hatari zake, na kabla hajafunzwa vya kutosha au kusimamiwa na mtu anayeijua barabara. Penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa pawe na kamati ya usalama. Huwauliza wagonjwa wanaotoka magodauni kamati yao ni ya akina nani. Wengi hucheka.

Sisi madaktari wa mitaani huletewa matokeo. Mguu uliokanyagwa na foklifti unaweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani unavimba na kukosa damu. Maumivu yakizidi jeraha linaloonekana, au vidole vikiwa baridi na kufa ganzi, mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo. Kumkanda kwa mafuta na kungoja asubuhi kunaweza kumpotezea mguu.

Kuna na madhara yasiyo na damu. Foklifti ya petroli, gesi au dizeli ikinguruma ndani ya godauni lililofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wafanyakazi huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hununua dawa za malaria. Ikiwa kichwa chako hutulia ukifika nyumbani Kangemi na kuanza tena ukiingia kazini, na wenzako wanalalamika vivyo hivyo, mweleze daktari mahali unapofanya kazi. Na dereva aliyemeza Piritoni kwa sababu ya mafua asipande mashine, maana dawa hiyo huleta usingizi.

Waajiri husema mafunzo ni ghali, na dereva akishahitimu huhamia kwa jirani. Huenda ni kweli. Lakini Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya 2007 pia, inaweka fidia ya kifo kuwa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni miaka minane, dhidi ya siku chache za mafunzo! Wala asidhani mwajiri kwamba kibarua hahesabiwi. Hata mkataba wa mdomo ni mkataba.

Aliyeumia amjulishe mwajiri mara moja. Mwajiri anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7, au saa 24 ikiwa ni kifo. Fomu hiyo ina sehemu ya daktari kujaza, basi njoo nayo kliniki. Wengi hunijia mikono mitupu, kidonda kimeshapona, na muda wa kudai fidia ni miezi 12 tu.