Barabara nayo ipandishwe kizimbani!

Leo habari za mapenzi tuziweke pembeni kidogo, kuna jambo limenikaa rohoni.

Hivi ajali ikitokea, wa kwanza kubebeshwa msala ni nani? Dereva! Awe mzima, awe marehemu, yote kwake. "Mwendo kasi, uzembe," basi, yamekwisha. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inambana dereva anayeua kwa kuendesha kihatari. Sawa, abanwe. Mie siwatetei, wengine ni vimeo kweli kweli. Lakini aliyechora kona ya kuua watu, mbona hatumwoni kizimbani?

Chukua daraja la Nithi kule Kenya, njia ya Meru kwenda Nairobi. Mteremko mkali, kona, halafu daraja! Wenyeji wamelia miaka nenda rudi kwamba barabara ile imechorwa vibaya. Julai 2022 basi likatumbukia bondeni, watu zaidi ya 30 wakafa. Kampuni ya basi ikasimamishwa fasta. Kona je?

Sasa sikieni ya Italia. Tarehe 28 Julai 2013, basi lililojaa watu waliotoka matembezini lilikatika breki likielekea kwenye daraja refu la Acqualonga, karibu na Avellino. Likagonga magari, likavaa kingo za pembeni, kingo zikaachia. Chini! Watu 40 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha basi lilikuwa bovu, tena cheti chake cha ukaguzi cha magumashi. Lakini haukuishia hapo. Bolti zilizoshikilia kingo zilikuwa zimeliwa na kutu.

Nilipoisimulia hii kijiweni, mshkaji mmoja akanirukia: "Wee, breki zimekatika, barabara imekosa nini?" Jamani, kingo ziliwekwa kwa ajili ya siku hiyo hiyo ya breki kukatika! Kama magari yangekuwa hayaharibiki na madereva hawakosei, nani angepoteza chuma chake?

Mahakama nayo iliona hivyo. Mwenye basi akatiwa hatiani, na mabosi wa kampuni ya barabara pia. Bosi mkuu wao wa wakati huo, Giovanni Castellucci, aliachiwa mwaka 2019, rufaa ya 2023 ikamgeuzia kibao, miaka 6. Aprili 2025 mahakama ya juu kabisa ikagonga muhuri, mzee akaenda jela. Karibu miaka 12 baada ya ajali, lakini alikwenda.

Msidhani kila mahali ni mteremko hivyo. Uingereza mwaka 2004, mama mmoja aliyeumia vibaya baada ya kugongana na basi kwenye kilele cha mlima alidai halmashauri ingeandika barabarani kwamba punguza mwendo. Majaji wakamtosa: dereva ajiangalie mwenyewe. Na wana hoja yao, maana kila ajali ikilipwa na halmashauri, fedha za kujengea barabara zitatoka wapi?

Ila mie naona kuna tofauti. Kusahau kibao ni kitu kimoja. Kujua watu wanakufa pale pale kila mwaka, ukakaa kimya, hicho ni kitu kingine.

Kwa Bongo, ukitaka kuishtaki Serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Siku hizo zinatosha kona kupakwa rangi na kibao kipya kusimikwa. Kwa hiyo msiba ukikufika, Mungu aepushe, usiridhike na neno "uzembe". Piga picha eneo lile mapema. Tafuta mashahidi, uliza wenyeji ni ajali ya ngapi pale, na kama waliwahi kulalamika kwa maandishi. Bila ushahidi huo wakili atakuchekea tu.

Haya, tukijaaliwa wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi. Vukeni salama.