Askari na Sanadi ya Habari

Akaaye Buterere, upande ule wa kaskazini mwa Bujumbura ambako maji ya mvua hayana haraka ya kuondoka na ambako ndege hupita juu ya mabati chini mno hata mazungumzo yakabidi kungoja, hana haja ya kuambiwa ya kuwa jirani yake ni uwanja wa ndege. Uwanja huo ndio ulioitwa mwaka 2019 kwa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa na askari wa nchi yake. Ndio ambao Meja Jenerali Godefroid Niyombare aliamuru ufungwe siku ya jaribio la mapinduzi la 2015. Na ndipo walipopandia ndege, tangu Desemba 2007, vijana wetu waliokwenda Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na wengine wao wakarejeshwa wamelala ndani ya majeneza. Kwa hiyo swali la kuwa askari huisadiki habari ya nani si swali la wataalamu peke yao. Kwetu sisi ni swali la barazani.

Wengi hudhani ya kuwa askari ni mtu wa kuamriwa tu, na ya kwamba kuamini au kutoamini ni anasa ya raia mwenye kikombe chake cha kahawa. Mimi naona kinyume. Raia akidanganyika, aghalabu hupoteza nauli au kazi ya siku moja. Askari akidanganyika hupoteza roho yake, au huitoa roho ya mtu asiye na hatia. Ndiyo sababu askari, hata yule ambaye hakumaliza shule ya msingi, ana elimu yake ya kupima habari, nayo yafanana sana na ile ya wanavyuoni wa hadithi za Mtume, ambao hawakuridhika na uzuri wa neno bali waliuliza kwanza: umelisikia kwa nani, naye alilisikia kwa nani, na je, alikuwapo? Hiyo ndiyo sanadi. Jirani yangu mmoja, aliyevua sare miaka mingi iliyopita, kila nikimletea habari ya redio hunikatiza kabla sijamaliza: “Ndugu yangu, aliyesema hayo alikuwa wapi yalipotukia?”

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei 2015 ulikuwa mtihani mkubwa wa elimu hiyo. Mchana uliotangulia, ilhali Rais Pierre Nkurunziza yuko Dar es Salaam katika mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Niyombare alitangaza kwa redio za watu binafsi ya kuwa rais ameondolewa. Usiku ulipoingia, Jenerali Prime Niyongabo, mkuu wa majeshi, akatangaza kwa redio ya taifa ya kuwa mapinduzi yameshindwa. Fikiri basi hali ya kijana aliyesimama zamu penye kizuizi cha barabara, bunduki begani na redio ndogo sikioni: majenerali wawili, wote wa jeshi lake, kila mmoja akidai utii wake, wala haiwezekani wote wawili wawe wakweli. Si ajabu kwamba vita vya asubuhi yake viliwaka penye jengo la RTNB, redio na televisheni ya taifa, wala si ajabu kwamba redio za Rema FM, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zote zilivamiwa katika muda wa siku mbili. Kila upande ulikuwa na yakini ya kuwa atakayebaki na mnara ndiye atakayebaki na askari.

Hata hivyo mnara peke yake si ithibati, na Wakenya walilijua hilo zamani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wakamlazimisha asome katika Sauti ya Kenya ya kuwa serikali imepinduliwa. Sauti ile ilikuwa ya kuaminika kuliko zote, kwa kuwa kila nyumba ilikwisha kuizoea. Lakini msemaji hakuwa mwenye habari, alikuwa mateka wake. Kabla ya siku kwisha, majeshi yaliyomtii Rais Moi yalikwisha kukitwaa tena kituo, na redio ile ile ikatangaza kinyume cha yale ya asubuhi. Aliyeisadiki sauti bila ya kuuliza ni nani aliyesimama nyuma ya kiti cha msomaji, alikuwa ameshika sanadi iliyokatika.

Na redio ikinyamazishwa je? Mwezi Oktoba 1993, askari waasi walipoizima redio ya Bujumbura na kuzikata simu, habari ya kuuawa kwa Ndadaye haikuzimika. Iliwafikia Warundi kwa njia ya kuzunguka, kupitia Redio Rwanda mjini Kigali, ambako waziri wa afya, Jean Minani, alikuwapo na akasema. Habari iliyofungiwa mlango hupita dirishani, tena hupita pamoja na hofu na ghadhabu, na mauaji yaliyofuata hatujamaliza kuyalilia hata leo.

Waingereza nao, katika Vita Vikuu vya Pili, waliijua nusu ya jambo hili. Waliwaandalia askari wa King's African Rifles magazeti ya Kiswahili, kama Askari na Heshima, kwa kufahamu kwamba mtu wa Tabora au wa Kitui hawezi kupigana vema katika nchi asiyoijua ikiwa haelewi yanayotendeka; na huku wakizifungua na kuzikagua barua za askari wale wale. Lakini mtu aliyepita bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, katika mvua isiyokatika, hakuhitaji gazeti limweleze habari za tope. Alilipima gazeti kwa mguu wake: lilipoafikiana na mguu alilisadiki, na lilipohitilafiana nao alilitumia kufungia tumbaku.

Leo mguu umepata msaidizi, naye ni simu. Tarehe 20 Oktoba 2011, baada ya mapigano ya Dayniile, pembezoni mwa Mogadishu, Al-Shabaab walitandaza maiti hadharani wakidai kwamba wamewaua askari wa Burundi zaidi ya 70; upande wa Umoja wa Afrika ukasema waliokufa ni 10. Tarehe 3 Mei 2022 kambi ya Warundi ya El Baraf ikashambuliwa. Jeshi letu likatangaza wafu 10, Al-Shabaab wakadai 173. Mimi si kadhi wa hesabu hizo, wala hapana askari asiyejua kwamba kudanganya ni silaha ya adui. Lakini askari aliye kambi ya pili hakai akilinganisha tarakimu mbili. Humpigia simu mwenziwe, akauliza: fulani yupo? Na fulani? Akahesabu majina, si tarakimu. Ikitokea siku hesabu yake ya majina ikalizidi tangazo, hata kwa watu watatu, basi tangazo hilo limekufa, na yatakayofuata hayatapata masikio ya kuyapokea.

Hapa ndipo ilipo rai yangu. Askari hamwamini mwenye sauti kubwa, wala mwenye cheo, wala hata mwenye kumpenda. Humwamini yule ambaye aliwahi kumpa habari mbaya, tena habari mbaya ya nafsi yake mwenyewe, kisha ikathibiti. Mwenye kukiri hasara jana ndiye atakayesadikiwa ushindi kesho.

Yamkini atatokea afande mmoja aseme kwamba jeshi si soko, na ya kuwa vita vina siri zake. Ni kweli tupu. Njia ya msafara, saa ya kuondoka, idadi ya risasi: hizo ni siri, na mwenye kuzitoa anastahili adhabu. Lakini siri ya safari ni haki ya jemadari, ilhali kifo ni haki ya wafiwa, na kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakoifanya hata siri ya halali itiliwe shaka. Wako pia wanaoona dawa ni kufunga. BBC na Sauti ya Amerika zilisimamishwa hapa kwetu mwaka 2018, kabla ya kura ya maoni juu ya katiba, na mwaka 2019 zikafungiwa kabisa, hata BBC ikafunguliwa tena 2022. Je, muda huo watu waliacha kusikiliza? Walihamia kwenye simu, penye sauti zilizorekodiwa na asiyejulikana, zikarushwa mkono kwa mkono usiku kucha. Idhaa yenye jina ina mlango wa kubisha, na mtu wa kumwuliza na kumsahihisha. Ibihuha, yaani uvumi, havina mlango. Mwenye kuifunga idhaa huikata sanadi kwa mkono wake, kisha hulalamika kwamba watu wanaamini yasiyo na asili.

Nitakalo ni dogo, wala halihitaji fedha nyingi. Askari akifa vitani, habari yake ifike nyumbani kwao kabla ya picha yake. Na ifike kwa miguu ya afisa mwenye jina, si kwa simu ya mpita njia. Afisa huyo aingie hata katika vichochoro vyetu vya Buterere, viatu vikiwa na tope, akae kitini, aseme yaliyotukia kadiri yanavyosemeka. Na mama mtu atakapomwuliza, kama aulizavyo jirani yangu kila siku, aliyeyasema hayo alikuwa wapi yalipotukia, awe na jina la kumtajia.