Kodi Yavuka Bahari, Nafuu Yabaki Bandarini

Dola ya Marekani hutoza kodi ya mapato kwa kuangalia uraia wa mtu, wala haijali anaishi wapi. Katika mwendo huo mwenziwe ni Eritrea. Takriban mataifa mengine yote humtoza aliye mkaazi. Kwa hiyo mzaliwa wa Mombasa au Lamu aliyehamia Marekani, akapata uraia wa huko, kisha akarejea kwao kufanya kazi, huwa bado hajaachana na mtoza kodi wa Washington. Pato lake likifikia kiwango kilichowekwa, hana budi kulieleza lote kila mwaka, ingawa barabara anayopita na zahanati anayotibiwa zimejengwa kwa kodi ya Wakenya. Tangu Katiba ya 2010 Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, na ndugu wa namna hii tunao katika mitaa ya mwambao.

Utaratibu huu ulipata muhuri wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1924, katika shauri la Bwana Cook, raia aliyekuwa akiishi Mexico City na kuchuma huko huko. Majaji walimshinda kwa hoja kwamba serikali humnufaisha raia wake popote alipo. Vema. Sasa na tuulize: manufaa hayo yako wapi siku ya kugawa nafuu za kodi?

Nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, iliyoanzishwa mwaka 1975, humtaka mtu awe na makazi yake ndani ya Marekani kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mwaka 2021 nafuu ya watoto ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6, na dola 3,000 kwa wakubwa zaidi hadi miaka 17. Mzazi aliyekaa Marekani aliweza kurejeshewa fedha zote taslimu hata kama hakudaiwa kodi. Raia mwenzake aliyelea watoto Mombasa hakuruhusiwa hivyo. Askari aliyepelekwa ng'ambo kwa amri, yeye alihesabiwa kuwa yuko nyumbani! Kumbe sheria inajua kuvuka bahari ikitaka.

Waliokaa chuoni kusoma Kurani wanajua kwamba katika makundi manane ya wanaostahiki zaka yumo msafiri aliyekwama njiani. Umbali wake na kwao ndio uliompa haki. Huku umbali ndio unaoiondoa.

Watetezi wa sheria hii watajibu kwamba wengi walio nje hawalipi kitu. Hilo ni kweli kwa mwajiriwa wa mshahara. Kwa mwaka 2025 anaweza kusamehewa mapato ya nje hadi dola 130,000, au akakatiwa kiasi cha kodi aliyokwisha kulipa ugenini, nafuu iliyoanza tangu 1918. Lakini akichagua msamaha huo, hupoteza fungu la nafuu ya watoto linalorejeshwa taslimu. Na fundi cherehani aliyejiajiri je? Faida yake ikifika dola 400 tu kwa mwaka, hudaiwa mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 15.3, ambao msamaha huo hauugusi wala kodi aliyolipa Kenya haiupunguzi, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa hifadhi ya jamii na nchi yoyote ya Afrika. Sehemu ya mchango huo ni bima ya matibabu ya wazee, ambayo kwa kawaida hailipi hospitali iliyo nje ya Marekani. Hii ni dhulma, hata ikiandikwa kwa lugha ya kisheria.

Kenya humtoza mkaazi, na nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi humpa mkaazi huyo huyo. Kipimo ni kimoja, na ndiyo insafu. Bunge la Marekani nalo lichague: ama limwache aliyehama, ama limpe nafuu sawa na aliyebaki.

Hadi litakapochagua, ndugu zetu wazingatie tarehe. Muhula wa raia walioko nje kuwasilisha fomu huishia tarehe 15 Juni, lakini riba ya deni huanza kuhesabiwa tangu tarehe 15 Aprili.