Muhuri Hauuzwi

Ndugu wanachama, nyumba ya mwananchi ni jasho lake. Ndiyo maana hatuwezi kunyamaza tuonapo muhuri wa fundi umeme ukifanywa bidhaa.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 yataka mtu atandazaye nyaya za umeme awe na leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA. TANESCO nayo, kabla ya kuunganisha umeme, hutaka fundi mwenye leseni aithibitishe kazi. Maana yake ni nyepesi: awepo mtu ajulikanaye, wa kujibu kwa kila waya.

Lakini twaona nini? Kishoka asiye na leseni atandaza nyaya, kisha mwenye leseni apokea fedha na kugonga muhuri kwa nyumba asiyopata kuikanyaga. Je, nani aliupima waya wa ardhi? Nani alitazama kama waya mwembamba umebebeshwa jiko? Hakuna! Usiku moto ukiwaka, karatasi yenye muhuri haiuzimi.

Wengine watasema ajali haina kinga. Hii inayo.

Hatusemi kijana mwenye ujuzi asukumwe kando. La! Leseni zina madaraja. Aliyesomea ufundi aombe daraja limfaalo, na njia ya kulipata iwe nyepesi hata kwa akaaye mbali na mji. Lakini auzaye muhuri anyang'anywe leseni.

Nawe ndugu mwenye nyumba, dai kuiona leseni kabla hujatoa senti. Mlango ni wako, usiifungulie hatari.