Maabara Zetu Zishuke Bondeni

Katika sherehe za kuzindua miradi ya maji vijijini imekuwa desturi mgeni wa heshima kukinga bilauri bombani, kuiinua ili wananchi waone weupe wa maji, kisha kunywa huku akipigiwa makofi na vigelegele. Sina ugomvi na makofi hayo. Mama aliyepanda mlima na ndoo kichwani miaka nenda miaka rudi ana haki ya kushangilia. Ugomvi wangu ni na imani inayojengwa na bilauri ile, kwamba maji yamekwisha kupimwa kwa jicho la mkubwa na kazi imekwisha. Jicho halioni nitrati, wala halioni bakteria wa kinyesi. Maji meupe pe yaweza kumlaza mtoto kitandani juma zima.

Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu ya pekee ya kuikataa imani hiyo. Kwetu maji si haba. Mvua ya Bukoba hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, Ziwa Viktoria liko mlangoni, na chemchemi ziko mabondeni. Lakini hebu tutazame tunavyoishi. Vijiji vyetu vingi viko juu ya miinuko, ndani ya vibanja vya migomba na mibuni, nazo chemchemi ziko chini. Choo cha shimo kiko juu, maji ya kunywa yako chini, na mvua hiyo tunayojivunia hupita katikati. Kinachoteremka nayo usiku wa masika nani anakijua? Na huko visiwani Muleba, katika kambi za wavuvi za Goziba na Ikuza, ziwa lile lile ndilo bafu, ndilo dobi, na ndilo mtungi.

Mwaka 1971 Taifa lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi kwa mwendo usiozidi mita 400. Lilikuwa lengo la kimapinduzi, lakini lilituachia tabia moja mbaya: watumishi tulishika zile mita 400, tukalisahau neno “safi”. Ilani ya Chama ya mwaka 2020 ilitaka huduma ya maji ifikie asilimia 85 vijijini na asilimia 95 mijini ifikapo 2025. Takwimu hizo ni za lazima. Hata hivyo, ofisa anayejaza taarifa ya robo mwaka huandika idadi ya vituo vya kuchotea maji na kilomita za mabomba, akatia mhuri, akaenda zake. Ukimwuliza maji ya kituo fulani yalipimwa lini mara ya mwisho, atafungua faili na kukuonyesha cheti cha siku ya uzinduzi. Huo ndio umangimeza wenyewe. Chemchemi haikai katika hali moja. Iliyokuwa salama Agosti yaweza kuwa sumu Aprili.

Watasema kazi hiyo ni ya wataalamu, na kwamba Wizara ya Maji ina maabara yake pale Bukoba. Ni kweli, tena tunaishukuru. Lakini kipimo cha bakteria wa kinyesi kina masharti. Sampuli huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, huwekwa kwenye baridi, na yafaa ifike maabara katika muda wa saa 6. Huko huchujwa mililita 100 za maji, na kile kichujio huatamishwa katika joto la nyuzi 44 hivi kwa muda wa siku nzima. Kiwango kinachoruhusiwa kwa maji ya kunywa ni sifuri. Mtumbwi unaotoka Goziba hauifuati saa ya maabara. Maabara moja, hata wataalamu wake wakiwa hodari namna gani, haiwezi kuzizungukia chemchemi zote za wilaya mbili kila zinapobadilika majira.

Basi nani atafanya doria hiyo? Jibu liko shuleni, na hapa ndugu walimu naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 2014 nchi nzima ilikuwa katika harakati za kujenga maabara za shule za sekondari za kata. Wananchi walichangishwa fedha, wakabeba mawe na mchanga. Je, walijenga ili iwe nini? Leo mwanafunzi wa kidato cha nne, Muleba au Bukoba, hushika bureti, akadondosha tindikali ya haidrokloriki katika myeyusho wa sodiamu kaboneti, akangoja rangi ya methili oranji igeuke, akaandika jibu, akapata alama. Kazi hiyo hiyo, kwa bureti hiyo hiyo na methili oranji hiyo hiyo, ndiyo mtaalamu wa maji huifanya anapopima ualikali wa chemchemi. Tofauti ni moja tu: maji ya mtaalamu yametoka bondeni, na ya mwanafunzi yametoka katika chupa ya dukani.

Kipimo hicho si mchezo. Mvua nyingi imeyaosha madini katika udongo wetu na kuuacha na uchachu, kwa hiyo ni lazima tushuku kwamba na maji yake ni laini yenye uchachu. Maji ya namna hiyo hula mabomba ya chuma polepole. Tena shabu inayotiwa ili kutuliza tope huhitaji ualikali ili igandamane na kuzama. Usipokuwapo wa kutosha, mhudumu hutia shabu zaidi na zaidi, uchachu huongezeka, na tope hubaki linaelea. Dawa yake ni chokaa, lakini atajuaje kiasi cha chokaa asipopima? Klorini nayo, kidonge kimoja kikitiwa katika kijichupa cha maji, rangi ya waridi itaeleza kama ipo ya kutosha bombani au iliishia njiani. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Vipande vya karatasi vya kupimia nitrati hubadilika rangi katika dakika chache, na nitrati ikipanda ghafla katika chemchemi iliyo chini ya kijiji, ni sababu ya kuutazama upya mlima wa vyoo ulio juu yake. Mama huambiwa achemshe maji, na ni shauri jema juu ya bakteria. Lakini kuchemsha hakuondoi nitrati, nayo ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kukorogwa.

Najua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza, vipimo vya watoto si rasmi. Sawa, na visiwe rasmi. Kazi yake ni kunyooshea kidole chemchemi ya kushukiwa ili maabara ya Bukoba ijue pa kuanzia. La pili ndilo linaloniudhi: kwamba majibu yakibandikwa hadharani wananchi wataingiwa na hofu. Machi 2023, katika wilaya ya Bukoba, watu walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Sampuli zilipimwa, ikatangazwa waziwazi kwamba ni Marburg. Waliougua walikuwa 9 na waliokufa 6, na ilipofika tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Wananchi waliambiwa jina la adui, nao walishirikiana na Serikali kumshinda. Waliostahimili kuambiwa Marburg watashindwaje kuambiwa kwamba kisima chao kina kinyesi?

Mjini nako pasijione salama. Mto Kanoni unakatiza katikati ya Bukoba na kuingia katika ziwa ambalo mji huohuo hunywa maji yake. Kanuni za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayomwagwa yasitumie zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika siku 5 za kipimo. Kanuni hiyo haimlindi mtu ikiwa mwenye karo hajawahi kupimiwa.

Mtihani wa vitendo wa kidato cha nne hufanyika Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kupamba moto kwetu. Juma lile lile, kabla bureti hazijarudishwa kabatini, wakuu wa shule wawateremshe kidato cha tatu bondeni na chupa zao, na maofisa watendaji wa kata watoe ukuta wa ofisi ya kubandikia majibu: jina la chemchemi, tarehe, na kilichopatikana.